Harusi Iliyopita Dirisha la Jikoni

Jumatatu, 4 Machi

Tumepata zamu! Mke wangu ameipigania kwenye simu tangu asubuhi, na kufika mchana ikawa yetu. Jumapili ya tarehe 17 ukoo mzima wa upande wake utakula na kushinda kwetu.

Niandike kwa nini hili ni jambo kubwa. Kila mwezi wanakutana kwa zamu, nyumba hadi nyumba, lakini kwetu zamu imekuwa ikiruka kama mtu anayevuka dimbwi. Sebule yetu ni ndogo. Televisheni yetu haiwaki mpaka ipigwe kofi, tena kofi la upande wa kulia. Basi wote huishia kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, tunayemwita Mkurugenzi. Hajawahi kuongoza kitu chochote isipokuwa rimoti, ila rimoti yenyewe ni ya TV kubwa kama mlango wa gereji. Mama mkwe hajakaa humu ndani kwa muda mrefu hata nimesahau ni kiti kipi anachokipenda.

Safari hii kuna zaidi ya chakula. Kitindamimba wao ameolewa ng'ambo mwezi uliopita. Nauli ziliwashinda watu, hakuna aliyekwenda, hata Mama. Sasa video ya harusi imefika kwenye flashi. Mama amekataa katakata kuitazama kwenye simu; anasema mwanawe si saa ya kutazamwa mkononi. Mke wangu anataka Mama aione harusi hiyo hapa, kwenye nyumba ya binti yake mwingine. Hajasema kwa nini. Hana haja ya kusema.

Mkurugenzi akapiga simu kutupongeza. Akasema vizuri sana, tutakula kwenu, halafu wote tutapanda kwangu tukaione harusi mahali inapoonekana. Mke wangu akamjibu kwamba itaonekana hapa hapa. Akakata simu. Akanigeukia.

Ndipo niliposema: projekta.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Jumanne, 5 Machi

Bajeti imepita. Ni ile akiba ya kabati la vyombo, basi, hakuna ya kuongeza. Mke wangu alinikabidhi bahasha, lakini upande wake hakuuachia haraka. Tulikaa hivyo kidogo, kila mtu na pembe yake, kama watu wanaokunja shuka. Nikaapa kwa mkasi wangu kwamba sitavuka. Akaachia.

Mimi ni fundi wa sare za shule, muhula unakaribia, na meza yangu imejaa sketi ambazo hazina mikanda. Sikushona hata moja. Nimeshinda nikisoma habari za projekta kwenye simu. Kufika alasiri nilikuwa nimeiva. Kuna mwanga, kuna umbali, kuna ukali wa picha. Mwanga usipotosha, unatazama ukungu. Umbali ukikosea, picha haijai ukuta. Na usiamini namba za kwenye boksi! Wauzaji wanaandika mwanga wanaoutaka wao, kama wateja wangu fulani wanavyonitajia viuno vyao.

Mzazi mmoja alifika kuchukua suruali ya mwanawe. Nikamweleza kwa nini mwanga wa namba kubwa unaweza kuwa mdogo. Aliitikia kwa heshima huku akirudi kinyumenyume. Ameondoka bila suruali.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepima sebule. Hiki ndicho kitu ambacho wanunuzi wengi hupuuza, halafu wanalia. Mimi nimeishi na tepu shingoni tangu ujana, na nguo yangu haijawahi kurudi kwa kubana.

Tepu yangu ni ya viuno na mabega, kwa hiyo ukuta hauuwezi kwa mkupuo. Nikapima vipande vipande: ukutani mpaka kwenye meza, meza mpaka kochi, kochi mpaka ukuta wa nyuma. Mke wangu alipita na ndoo, akaniuliza kama kochi nalo litavaa sare. Nilikuwa najumlisha kichwani.

Sebule ni ndefu kuliko nilivyodhani. Habari njema.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua!

Duka ni la jamaa mmoja anayeuza vyombo vya umeme, vipya na vilivyotumika. Wanamwita Profesa kwa sababu hueleza kitu mpaka unakinunua ili anyamaze. Nilimpa vipimo vya sebule na ukubwa wa picha ninaoutaka, yaani ule unaoipita TV ya Mkurugenzi kwa namna isiyo na mjadala. Akaweka mashine mbili kaunta.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeupe, ndogo kama mkebe wa biskuti. Boksi lake lina picha ya familia inayocheka na namba ya mwanga yenye masufuri ya kutisha. Nikaiinua. Nyepesi! Nikamwambia Profesa kwamba cherehani nyepesi hucheza mezani, na mshono wake unakwenda inakotaka yenyewe. Akasema hii si cherehani. Nikasema ndivyo wanavyosema wote.

Ya pili ni kuukuu, nyeusi, imetoka kwenye ofisi iliyofungwa. Nzito kama kichwa cha cherehani ya chuma. Ilikuwa ya ukumbi wa mikutano, imezoea kutazamwa na watu wanaosinzia. Feni yake inaunguruma sawasawa na ovaloki yangu ninapomalizia pindo, na nilipoisikia nikajiona niko kazini. Profesa aliiwasha, na hata humo dukani, mlango ukiwa wazi, picha ilionekana. Nilimuuliza balbu imebakiza maisha kiasi gani. Akaniuliza mimi je, nimebakiza kiasi gani. Tukaelewana.

Akanionya kitu kimoja: hii inataka nafasi. Iwekwe mbali ndipo picha ipanuke. Kwa vipimo nilivyompa, alisema, inatosha kama imeshonewa humo. Hayo ni maneno yake mwenyewe, si yangu.

Bahasha imebaki tupu, lakini haijavukwa. Mkasi wangu uko salama.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa ni tapeli.

Niliiweka mashine juu ya rafu ya ukuta wa nyuma. Nikasubiri jua lizame. Nikamketisha mke wangu, nikahesabu kwa sauti, nikawasha. Picha ikatua ukutani, safi, yenye rangi zake zote, na ndogo. Si ndogo ya kuchekesha. Ndogo ya kuudhi. Niliipima mara moja. TV ya Mkurugenzi inaizidi kwa shubiri, na shubiri yenyewe ni ya mkono wa Mkurugenzi.

Mke wangu alitazama ukuta, akatazama pale ambapo kabati la vyombo lingekaa. Akasema rangi ni nzuri. Afadhali angenitukana.

Nimezungusha kila kinachozunguka. Picha ilivuta, ikafifia, ikarudi palepale. Nimempigia Profesa simu nikamwambia anipishe na elimu yake. Akaniuliza kwa utulivu kama nina uhakika na vipimo. Mimi! Uhakika na vipimo!

Jumamosi, 9 Machi

Sitaandika mengi leo.

Mke wangu aliazima tepu ya chuma ya jirani mwashi, ile inayojirudi yenyewe. Akapima sebule kwa mvuto mmoja, ukuta hadi ukuta. Ikatoka fupi kuliko yangu kwa zaidi ya urefu wa mkono. Akapima tena. Ileile.

Akaniomba nimwonyeshe nilivyopima mimi. Nikamwonyesha. Ukutani hadi meza, hapo nikaongeza kidogo. Meza hadi kochi, nikaongeza kidogo. Kochi hadi ukuta, kidogo tena, na ya mshono. Akauliza hizo nyongeza ni za nini. Nikamjibu bila kufikiri, kama ninavyowajibu wazazi wote: za kukulia.

Mtoto anakua! Sketi ya muhula huu lazima ifike muhula ujao! Mkono wangu umezoea, hauniulizi tena. Mke wangu alikunja tepu ya jirani polepole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na sebule yetu iko darasa la ngapi, Fundi?"

Kisha akaenda kulia au kucheka chumbani. Mlango ulifungwa, sikuweza kutofautisha.

Nilimpigia Profesa kumuomba tubadilishane na ile nyeupe. Amesema nyeupe imeshauzwa, na kwamba amenisamehe.

Jumapili, 10 Machi

Nimepata jibu! Lilikuwa mbele yangu miaka yote, tena nalitumia kila siku kupokea chai.

Kati ya jiko na sebule kuna dirisha la kupitishia vyombo. Mashine inataka kwenda nyuma. Nyuma ya sebule kuna nini? Jiko! Nikaipandisha kwenye rafu ya masufuria, ukuta wa mwisho kabisa wa jikoni, nikaielekeza kwenye lile dirisha. Mwanga ukavuka jiko, ukapita dirishani huku umegusa kingo, ukavuka sebule, ukatua ukutani.

Mungu wangu. Ukuta mzima! TV ya Mkurugenzi ingekaa kwenye kona ya picha hiyo kama stempu kwenye bahasha.

Mke wangu alikuja kusimama kando yangu. Alitabasamu, na tabasamu lake lilikaa usoni mpaka alipouliza yeye siku hiyo atapikia wapi. Maana asimame wapi, kila mahali ni njia ya mwanga. Nikamwambia anaweza kupika akiwa ameinama.

Tumekubaliana kwamba atapikia uani na kupasha moto jikoni, na mimi nitafunga mdomo.

Jumanne, 12 Machi

Kazi ya pazia la picha. Ukuta wetu una mabaka, na bibi harusi hawezi kuonekana na mabaka. Madukani pazia la projekta linauzwa bei ya projekta. Upuuzi. Mimi fundi, nina kitambaa cheupe cha mashati ya shule, robota zima.

Kitambaa cha shati si kipana, kwa hiyo nimeunga vipande viwili. Mshono wangu ni wa kupigiwa mfano: umelala, haujakunjika, unapita wima katikati kabisa. Nikawasha kujaribu na video ya mtu anayetoa hotuba. Mshono ulimshukia kwenye pua. Nusu moja ya uso wake ilikuwa inaeleza, nusu nyingine ilikuwa inakanusha.

Mwalimu Mkuu wa shule ninayoishonea alipita wakati huohuo kuulizia mashati. Akaliona pazia. Ni mama mwenye macho ya kukagua kucha. Akaligusa kwa vidole viwili, akasema kitambaa hiki anakijua. Nikamweleza kwamba kitambaa kipya lazima kining'inizwe siku kadhaa kabla ya kukatwa, kitulie. Akasema hajawahi kusikia jambo hilo. Nikamwambia ni siri ya ufundi. Amesema Jumatatu atakuja kuyaona mashati, si siri.

Alhamisi, 14 Machi

Jambo dogo. Sikuwa nimelifikiria.

Majaribio yote nimefanya baada ya jua kuzama. Wageni wanakuja mchana.

Leo nikawasha saa nane. Nilidhani balbu imekufa. Niliposogea mpaka pua ikagusa pazia, nikaona vivuli vya watu wakipitapita, kama samaki ndani ya uji. Madirisha yetu mawili makubwa, ambayo mke wangu huyasifia kwa kila mgeni, yanamwaga jua lote la dunia kwenye sebule hii.

Dawa ikapatikana: kitambaa cha sketi. Zambarau iliyoiva, kizito, kikikunjwa mara mbili hakipitishi hata nia. Nimepigilia madirisha yote, na juu ya mlango pia. Picha imerudi! Hewa nayo imeondoka. Nilikaa humo muda wa kunywa kikombe cha maji, nikatoka nimelowa. Mke wangu ameuliza kama wageni wataambiwa waje na taulo.

Jumamosi, 16 Machi

Mkurugenzi amekuja kukagua. Ati alikuwa anapita. Nyumba yetu iko mwisho wa njia, hakuna mtu anayeipita kwenda popote.

Alisimama katikati ya sebule ya zambarau, mikono nyuma, akauliza tumefiwa na nani. Akachungulia jikoni, akaikuta mashine kati ya sufuria na chujio, akauliza kama inachemka au inakaangwa. Halafu akaniweka mkono begani na kusema kwa huruma, "Shemeji, hakuna aibu. Gari langu litakuwa nje. Ikizingua tu, nampakia Mama, tunakwenda zetu, na wewe utakuja nyuma na vyombo."

Nilicheka. Mke wangu hakucheka.

Alipoondoka, mke wangu alikaa kwenye mkono wa kochi na kusema jambo ambalo hajawahi kulisema. Kwamba Mama alipokuja mara ya mwisho aliondoka mapema kwenda kutazama taarifa ya habari kwa Mkurugenzi, na yeye alibaki na chakula kwenye sahani. Kwamba kesho akiondoka tena kabla ya kuona harusi, hatamwomba tena aje. Alisema bila hasira, kama anayetaja bei ya vitunguu.

Nimekagua waya zote. Nimezikagua tena.

Jumapili, 17 Machi

Naandika moja kwa moja kabla sijaanza kuipamba hadithi.

Walikuja wote. Mama alifika na kitenge chake kizuri, akaingia, akasimama gizani, akauliza kwa sauti ya kawaida mlango wa kutokea uko wapi, endapo. Tukamketisha kwenye kiti cha mbele. Watu wengine chini kwenye mkeka, kwa sababu mwanga unapita usawa wa kifua na kichwa chochote kilichoinuka kinaingia harusini. Mkurugenzi alikataa mkeka. Nikawasha, na kipara chake kikachomoza chini ya picha kama mlima. Dada zake wakampigia kelele. Akakaa chini.

Picha! Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kitindamimba alitembea ukutani, mrefu kuliko nyumba, gauni linaburuta mpaka kwenye zulia letu. Mama alisema tu, "Amekonda." Mshono ulikuwa katikati yake na bwana harusi, na shangazi mmoja akauliza kama huko ndivyo wanavyotenganishwa mpaka wafunge ndoa. Feni iliunguruma, hakuna aliyesikia hotuba hata moja, hakuna aliyejali.

Kisha mvuke. Mke wangu alikuwa anapasha wali, mfuniko ukafunuka, na wingu likapita kwenye mwanga. Mama aliuliza huko kwa mwanangu kuna ukungu kiasi hiki kila siku? Nikasema ni msimu.

Joto la jiko, joto la mashine, joto la sketi za shule nzima. Nikaona kitaa chekundu cha onyo cha mashine kinapepesa. Sikumwambia mtu. Kilipepesa, kikapepesa, na pale hasa msemaji alipowaita wazazi wa bibi harusi wasogee mbele, mashine ikazima.

Giza la zambarau. Kisha sauti ya funguo za gari.

Mkurugenzi hakusema kwa ubaya, nimtendee haki. Alisema tu haya jamani, gari liko nje, Mama twende, kwangu inaonekana vizuri. Watu wakaanza kutafuta viatu. Nilimwona mke wangu mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Hakusogea.

Nikaropoka kwamba imepata joto tu, ikipoa itawaka. Mama akauliza, joto? Nikasema joto, Mama. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mkwe. Akainuka, akachukua sinia mezani, akatembea si kwenye gari bali jikoni. Nikasikia sinia inapepea. Alikuwa anaipepea mashine yangu kwa mikono miwili kama anayefufua jiko la mkaa, huku akiisemesha, "Haya, mama, haya, pumua." Mkurugenzi alisimama na funguo zake. Hakuna anayetoka na kumwacha mama yake akifanya kazi.

Mashine ikapumua. Feni ikaunguruma. Mwanga ukatoka wote kwa pamoja, na Mama alikuwa mbele yake.

Kwanza ukutani kukawa na jitu jeusi, lina mabawa ya sinia, limeufunika ukuta wote. Mkurugenzi akapiga kelele, "Mama, toka hapo, unaziba!" Mama akashtuka, akarudi nyuma kuelekea dirishani, na kadiri alivyoisogelea sebule, kivuli chake kilinywea, kikanywea, mpaka kikawa saizi ya mtu. Saizi ya mtu mwingine yeyote pale harusini. Na ukutani sasa kulikuwa na bibi harusi amesimama, na kando yake kiti kimoja cheupe ambacho walikiacha kitupu. Sikuwa nimekiona mapema. Kivuli cha Mama kilikuwa kimesimama kwenye kiti hicho.

Mkurugenzi alirudisha funguo mfukoni.

Mama aligeuza kichwa dirishani akaona tulichokuwa tunakiona. Akauinua mkono wake kidogo, kujaribu. Kivuli kikainua. Akasema, "Rudisha nyuma pale wanapoita wazazi." Nikarudisha. "Sasa simamisha." Nikasimamisha. Akajisogeza nusu hatua, akapima, akanyoosha mkono, na mkono wa kivuli ukatua juu ya kichwa cha mwanawe, taratibu, pale kwenye shela. Akakaa hivyo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Hatukusikia alichokuwa anasema kwa sababu ya feni, na nadhani hatukupaswa.

Kisha akamwita mke wangu. Akaja na mwiko wake, vivuli viwili, halafu akaukumbuka mwiko akauficha mgongoni. Mama akamshika mkono. Baada ya hapo ikawa foleni. Shangazi walipita wakicheza, wajomba walipita wamenyoosha makoti yao. Wali uliungua na hakuna aliyenusa. Mkurugenzi alikuwa wa mwisho. Aliniuliza kwa sauti ya chini kaka wa bibi harusi husimama upande gani. Mama akamjibu kutoka kwenye mkeka, "Simama popote, ila usimzibe mume wa watu!"

Mimi simo kwenye harusi. Ilibidi mtu ashike rimoti.

Jumatatu, 18 Machi

Mama hakuondoka! Mkurugenzi alifungua mlango wa gari, Mama akamwambia usiku mwema na kuufunga kwa nje. Amelala kwetu. Asubuhi nilimkuta sebuleni, amekwisha kung'oa kitambaa kwenye dirisha moja, ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Ndicho anachokipenda. Akaomba chai. Mke wangu aliipitisha dirishani huku akiimba.

Mama alinisifu. Alisema mkwe wangu, ulifikiria vizuri kuweka mashine jikoni, ili kila mtu apate kuingia harusini. Nikasema ndiyo, Mama, niliona hivyo tangu mwanzo. Mke wangu alikuwa anakunywa maji, akapaliwa.

Mwalimu Mkuu alifika kama alivyoahidi. Nilimwambia kitambaa kimetulia sasa. Akaonyesha tone la mchuzi. Nikasema hapo patakuwa kwapani.

Jumanne, 19 Machi

Mama ameondoka leo mchana na kusema mwezi ujao waje hapa tena. Hapa! Mkurugenzi naye amenipigia simu, na baada ya kuzunguka sana akaniuliza nimpe jina la mashine yangu. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba haitamfaa. Jiko lake liko mbali mno.

Jioni mke wangu, kwa furaha yote, ameomba rafu yake ya masufuria irudi. Ni haki yake. Nimefikiri nikitembea huku na huku, na nimeliona tatizo lilipo: si mashine, si sebule, ni ule ukuta wa katikati. Ukiondoka ukuta, jiko na sebule vinakuwa ukumbi mmoja, mashine inakwenda mpaka mwisho kabisa, picha inapanda hadi darini, na watu thelathini wanasimama harusini kwa mara moja. Nimeshaongea na jirani mwashi, atakuja kesho mke wangu akishakwenda sokoni. Itakuwa zawadi. Mwenye nyumba anakaa mbali, hana sababu ya kusumbuliwa.

Leo alipoingia mara moja kuuangalia, mwashi aliugonga ukuta kwa kiganja, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema huu ndio uliobeba paa. Nikamwambia asikuze mambo. Paa limekaa pale juu miaka yote hii, litakuwa limeshazoea.